Siyo bosi anayeuma, ni njia ya kumrudia

SEHEMU YA 1

Mlioomba niandike kuhusu Silksong, nimewasikia. Nimechelewa kwa sababu ya zamu za usiku, na pia sikutaka kuandika nikiwa na hasira. Nilitaka kwanza nimtoe Last Judge. Nimemtoa juzi saa tisa alasiri, nimetoka zamu na sijalala. Hasira haijaisha yote, lakini sasa naweza kuandika.

Kwa ambao hamchezi gemu, msikimbie, tutaenda pamoja. Hizi ni zile gemu unazoziona kwa ubavuni: mtu wako anakimbia, anaruka, anapigana. Ila hakuna levo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kuna dunia moja kubwa yenye njia nyingi na hakuna anayekuambia uende wapi. Unakuta ukuta haupandiki, unauacha. Baada ya masaa manne, mbali kabisa na pale, unapata uwezo mpya, ndipo unakumbuka: kumbe ule ukuta! Aina hii inaitwa metroidvania, jina lililoungwa kutoka gemu mbili, Metroid na Castlevania.

Silksong ilitoka Septemba 4, 2025. Haikupita wiki, wachezaji wamegawanyika: huku gemu bora kuliko zote, kule mateso matupu. Na kama kawaida wakatokea wa kusema kizazi hiki kimelegea, zamani watu walicheza gemu ngumu na hawakulia.

Jamani. Zamani watu walilia. Hebu tuanze huko.

SEHEMU YA 2

Metroid ilitolewa na Nintendo kule Japani Agosti 1986. Mwaka mmoja nyuma walikuwa wametoa Super Mario Bros., na Mario alishafundisha dunia nzima kwamba gemu ni kwenda kulia. Ukienda kulia skrini inakufuata, kurudi kushoto hairuhusiwi. Sasa mtu huyohuyo anawasha Metroid, anaenda kulia kama alivyozoea, anafika kwenye kijinjia chembamba hapiti. Haiwezekani. Ilibidi tangu mwanzo aende KUSHOTO, achukue uwezo wa kujiviringisha kama mpira, ndiyo arudi apite. Yaani somo la kwanza la gemu hiyo ni kwamba ulichokijua hakikusaidii.

Na ramani hamna. Hamna kabisa. Vyumba vingi vinafanana, rangi zilezile, mabomba yaleyale. Watu walichora ramani kwa mkono kwenye karatasi za hesabu, zile za miraba.

Kuhifadhi ulipofika je? Japani Metroid ilikuwa kwenye diski, unahifadhi. Iliyokwenda Marekani mwaka 1987 ilikuwa kwenye kaseti, wakaweka neno la siri la herufi 24. Kubwa, ndogo na namba zimechanganyika. Ukikosea moja tu, haifunguki. Mnaonakili dozi kutoka kwenye mwandiko wa daktari mnajua ninachosema. Watoto wakaanza kugawiana maneno hayo ya siri, na moja, JUSTIN BAILEY, likawa maarufu mpaka leo, kwa sababu ukiliandika unaanza mbali ukiwa na silaha kibao.

Sasa shikeni hili, nitalirudia mbele. Ukifa kwenye Metroid, unarudishwa na nguvu 30 tu. Hata kama ulikuwa na matangi kadhaa yaliyojaa, unaanza na 30. Kwa hiyo kabla ya kumrudia bosi unasimama karibu na bomba, vidudu vinatoka kimoja kimoja, unapiga, unaokota nguvu tano, unapiga, unaokota tano. Dakika kumi, ishirini. Hiyo siyo vita, ni kujaza ndoo kwa kijiko. Ukisoma kumbukumbu za waliocheza enzi hizo, wanaosimulia kwa mapenzi na wanaosimulia kwa uchungu, wote utakuta wanayataja yale mabomba.

(Kidogo pembeni: mwisho wa Metroid, ukimaliza haraka, shujaa Samus anavua kofia na unagundua ni mwanamke. Kitabu cha maelekezo cha Kiingereza kilikuwa kimemwita mwanamume muda wote. Kwa Kiswahili hiyo siri ingejitunza yenyewe, maana "yeye" ni "yeye".)

Kwetu tulikuwa na mashine ya kopi, na kaseti ya njano iliyoandikwa gemu 999. Ukizifungua ni Mario na Contra zinajirudia. Metroid haikuwemo. Nimekuja kuicheza ukubwani, nikaacha pale kwenye mabomba.

SEHEMU YA 3

Hapa nitapita haraka. Super Metroid, 1994, ikaleta ramani inayojichora yenyewe na vyumba vya kuhifadhi. Mwaka 1997 ikaja Castlevania: Symphony of the Night kwenye PlayStation. Shujaa wake Alucard anapanda levo: ukishindwa, unaenda kuua wadogo wadogo, unapata nguvu, unarudi. Ni gemu inayopendwa sana, na malalamiko yake makubwa yakawa kinyume: rahisi mno, hasa ukishapata silaha nzuri. Mnaona binadamu tulivyo? Ila hata hizi mbili ukifa unarudi pale ulipohifadhi mara ya mwisho, na vyote ulivyookota katikati vimepotea.

SEHEMU YA 4

Mwishoni mwa 2014 vijana wachache wa Adelaide, Australia, wanaojiita Team Cherry, waliomba watu wawachangie mtandaoni watengeneze gemu ya wadudu. Wakapata zaidi ya dola 57,000 za Australia. Wabunifu wakuu ni wawili, Ari Gibson na William Pellen. Hollow Knight ikatoka Februari 2017.

Ukisoma maoni ya mwanzo utashangaa. Wengi hawakuipenda siku ya kwanza! Walisema inaanza polepole, mdudu wenyewe hana uwezo wowote, amepewa msumari tu wa kupigia. Na ramani, Mungu wangu. Ukiingia eneo jipya huna ramani mpaka umtafute mchoraji, Cornifer, aliyejificha humohumo; unamjua kwa kumsikia akiimba kwa mbali, na karatasi zake zimedondoka njiani. Unanunua. Hata ukiwa nayo, haiongezi ulipopita mpaka uketi kwenye benchi. Na ili uone wewe mwenyewe uko wapi kwenye hiyo ramani, lazima uvae dira, nayo inakula nafasi ambayo ungevaa kitu cha kukusaidia kupigana. Waliolalamika walikuwa na haki. Lakini wengi wa haohao, baada ya masaa kumi au kumi na tano, waliandika tena: nilipotea, na kupotea kwenyewe kumbe ndiyo ilikuwa raha.

Kufa sasa. Ukifa, unaamka kwenye benchi uliloketi mwisho, na pesa zako zinabaki kule ulikofia, zinalindwa na kivuli chako mwenyewe. Lazima urudi ukipige kivuli ndiyo uzipate. Ukifa tena njiani, zimekwenda. Wachezaji waliona hapo mkono wa Dark Souls ya 2011. Lakini Hollow Knight ilikuwa na huruma moja: mapigo mengi yanachukua kinyago kimoja cha uhai, na unavyo vitano kuanzia mwanzo. Unakosea, unajifunza, bado uko hai.

Ilipofika kwenye Switch mwaka 2018 ndipo ikasambaa kweli. Mpaka 2025 ilikuwa imeuza zaidi ya nakala milioni 15.

SEHEMU YA 5

Wachangiaji wa mwanzo walikuwa wameahidiwa mhusika wa pili wa kuchezea, Hornet, yule binti wa sindano na uzi. Kazi ikakua, ikakua, Februari 2019 wakatangaza kwamba imekuwa gemu kamili: Silksong. Kisha kimya. Miaka sita na zaidi. Watu wakageuza kusubiri kuwa utani, kila onyesho la gemu mpya likija wanajichora sura za vichekesho, wakikosa wanarudi kucheka tena. Ilipotangazwa tarehe, Agosti 2025, zilikuwa zimebaki wiki mbili tu, na watengenezaji wengine wadogo wakasogeza tarehe za gemu zao wasikanyagwe. Siku yenyewe maduka ya mtandaoni yalielemewa. Steam peke yake ilikuwa na wachezaji zaidi ya nusu milioni kwa wakati mmoja. Bei, dola 20.

Watengenezaji waliulizwa kulikoni miaka yote hiyo. Jibu lao: walikuwa wanaifurahia kazi. Sina neno.

SEHEMU YA 6

Sasa twende wodini.

Mgonjwa akikuambia "inauma", hujamaliza kazi. Unauliza inauma wapi, imeanza lini, inazidi ukifanya nini. Nimefanya hivyo kwa Silksong: nimesoma mamia ya maoni nikiwatafuta waliolalamika, nikauliza wanashika wapi.

La kwanza wanashika mapigo mawili. Hornet naye ana vinyago vitano, lakini hapa mabosi wengi, mitego mingi, hata wadudu wakubwa wa njiani, wakikugusa unapoteza viwili. Pigeni hesabu. Vitano kwa viwili, mapigo matatu umekufa. Sasa ukihangaika ukakusanya vipande vinne ukapata kinyago cha sita, sita kwa viwili ni mapigo mangapi? Matatu! Zawadi yako ya kwanza, uliyoitolea jasho, kwa bosi wa aina hiyo haibadilishi kitu. Waliogundua hili mapema waliandika kwa uchungu wa mtu aliyepandishwa mshahara na nauli ikapanda siku hiyohiyo. Kwa haki ya gemu, niseme pia Hornet anajitibu vinyago vitatu kwa mara moja, wakati yule wa zamani alijitibu kimoja kimoja.

La pili wanashika pesa. Pesa ni shanga za rozari. Wadudu wengi wa porini hawadondoshi hata moja, halafu kuna mabenchi ya kulipia. Ndiyo, unalipia kukaa! Na huko Hunter's March kuna benchi la mtego: unafika hoi, unaliona, unakaa, linakupiga. Nilicheka kwa sauti saa kumi usiku, jirani akagonga ukuta.

Kuna na Bilewater, eneo la maji machafu, ukitumbukia unaingiwa na funza na huwezi kujitibu mpaka uwaondoe. Kama nesi niliguswa kidogo, maana funza waliofugwa maabara husafisha vidonda vizuri tu. Haya, tuendelee.

La tatu ndilo nililokuwa nalisubiri. Wengi sana, hata wale waliosema bosi mwenyewe ni mzuri, walishika njia ya kumrudia. Last Judge analinda lango la kuingia kwenye Citadel. Kutoka benchi mpaka kwake unaruka miiba, unapita wadudu wanaochimbua ardhini, unapigwa na upepo, ndiyo unafika, umeshapungua damu, unapigana dakika moja, unakufa, unarudi benchi. Na akishafa yeye, analipuka! Kuna watu wamemshinda na mlipuko ukawaua. Mimi ni mmoja wao, ndiyo maana ilinichukua siku tatu.

Sasa rudini kwenye mabomba ya 1986. Ni kitu kilekile. Bosi anakupa jambo la kujifunza: anainua mkono hivi, ruka hivi. Ukifa mbele yake umepata kitu. Njia uliyoipita mara ishirini haikufundishi tena, inakuchaji tu. Kwa zaidi ya miaka 39 wachezaji wanalalamika kwa midomo tofauti, lakini ukiwauliza vizuri wanakuonyesha palepale.

SEHEMU YA 7

Siku chache baada ya gemu kutoka, Team Cherry walitoa apdeti: mabosi wawili wa mwanzo, Moorwing na Sister Splinter, wakapunguzwa ukali kidogo, baadhi ya bei zikashuka, shanga zikaongezwa kidogo. Kelele! Waliomaliza kabla wakasema gemu imelainishwa. Watengenezaji wenyewe walieleza kwamba Hornet ana kasi kuliko yule shujaa wa kwanza, hivyo hata adui mdogo ilibidi aongezewe maarifa, na kwamba ukikwama una uhuru wa kwenda kwingine. Nakubaliana nao nusu. Dunia ile ni pana kweli, mara nyingi nilipokwama nilikwenda upande mwingine nikarudi na nguvu. Lakini kwenda kwingine hakufupishi njia ya kurudi.

Na kuna jambo linanihusu. Mdogo wangu wa kiume alimaliza Hollow Knight zamani, ndiye aliyenifundisha. Miaka miwili iliyopita alipata ajali ya bodaboda, vidole viwili vya mkono wa kulia havikunji vizuri mpaka leo. Silksong anaichezea kwenye kompyuta, na watu walishatengeneza nyongeza inayofanya kila pigo lichukue kinyago kimoja tu. Akaiweka. Akaandika kwenye kundi moja, kwa furaha, kwamba amempita bosi fulani. Akajibiwa: hujacheza hiyo, umeangalia.

Chuoni tulifundishwa kuhusu Margo McCaffery, nesi wa Marekani, ambaye tangu 1968 alifundisha wenzake kwamba anayeyajua maumivu ni mgonjwa mwenyewe. Akisema yapo, yapo. Kazini kwetu tunauliza kwa namba, 0 mpaka 10, na hatumwambii mtu mwenye 8 kwamba yule wa kitanda cha jirani alisema 3 kwa jeraha hilohilo. Watu waliochora ramani kwa penseli mwaka 1987 hawakuwa na mtu wa kuwaambia hawajacheza. Walipeana maneno ya siri ya herufi 24 shuleni, anayeanza mbali akaanza mbali, na gemu ikaendelea.

Mdogo wangu hakuwajibu wale watu. Alilala mapema siku hiyo, jambo ambalo si kawaida yake. Kesho yake nikamkuta ameketi, kontrola mapajani, kidole gumba na cha kati vikifanya kazi ya vitatu.

Sasa hivi yuko mbali, ndani kabisa ya Citadel, amenipita. Kila nikimuuliza mbele kuna nini ananiambia dada, nenda kakae benchi kwanza.