Gome la Kasisi na Mzizi wa Mlungulungu

Kuli wa Mwanza Kusini anapopanda kilima kurudi Igogo jioni, mgongo unamwaka moto. Atameza vidonge vya dukani, au atachemsha mzizi wa mama muuza dawa za kienyeji. Vijiweni tunabishana eti kipi ni cha kisayansi. Ndugu msomaji, ubishi huo hauna historia, maana kidonge nacho asili yake ni mti.

Uingereza kuna mti uitwao wilo, huota penye majimaji. Kasisi Edward Stone alionja gome lake, akalikuta chungu kama la mkwinini. Akalikausha, akalisaga, akawapa wagonjwa wa homa wapatao 50, akianza na kiasi kidogo na kuongeza polepole. Hakuwa daktari, bwana! Lakini aliandika, na mwaka 1763 barua yake ikasomwa mbele ya Jumuiya ya Kifalme, London. Mwaka 1828 Johann Buchner akatoa ndani ya gome hilo kitu kichungu, salisini. Mwaka 1897 kampuni ya Bayer ikapata aspirini safi. Hadi 1971 ndipo John Vane alipoeleza kazi yake: huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, zinazochochea uvimbe na maumivu. Miaka zaidi ya 200 watu walitibiwa bila kujua sababu. Kipimo walikijua.

Sasa mlungulungu, ambao pwani ni mjafari, mti wenye miiba juu ya vinundu. Gome na mizizi yake huchemshwa kwa homa na tumbo, hutafunwa kwa jino. Mna alkaloidi iitwayo keleritrini, iliyopunguza uvimbe kwa wanyama wa maabara, na ambayo pia huweza kuua seli. Basi uliza kipimo. "Kiganja kimoja." Kiganja cha nani?

Usukumani dawa ilikuwa mali, tena silaha. Katika karne ya 19 waganga wawili, Ngika na Gumha, walishindana. Wafuasi wao ndio Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vinavyoshindana mpaka leo, na dawa ya chama ni siri. Utamtajiaje mpinzani mti wako? Halafu mkoloni akaleta Sheria ya Uchawi ya 1928, na machoni pa askari mkoba wa mganga na wa mchawi ni mmoja. Nani angetoa daftari hapo?

Mwaka 1974 Muhimbili ilianzisha kitengo cha kuchunguza dawa za asili, kikawa taasisi mwaka 1991. Sheria ya kutambua tiba asili ikaja 2002. Kazi ni nzuri, ila miti ni mingi. Tena mzizi uliokatwakatwa sokoni, bila jani wala ua, hata bingwa wa mimea hubabaika nao.

Wewe unayetafuta cha kuandika, mwombe mama yule akuonyeshe mti wenyewe. Andika jina la Kisukuma, sehemu iliyochimbwa, uzito wake kwenye mizani ya dagaa, maji kiasi gani, siku ngapi, na nani hakupona.