Vumbi na chembe

Kaskazi ikishika Kona ya Musa, Kwale, pwani ya Kenya, gari likiacha lami ya barabara ya Likoni–Lunga Lunga na kuingia njia ya udongo, watu husema vumbi limetimka. Neno hilo hubeba kila kinachopaa, hata kisichoonekana.

Wapimaji wa hewa huhitaji neno jingine, nalo lipo: chembe. Vumbi ni wingu zima. Chembe huhesabika na ina ukubwa wake.

Kifaa chao hupitisha hewa kwenye mwali wa leza na kuangalia mwanga unatawanyika kwa pembe zipi. Chembe ndogo sana kuliko urefu wa wimbi la mwanga huutawanya karibu sawa mbele na nyuma. Kubwa huutupa zaidi mbele. Vifaa vya AirQo, mradi wa Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, navyo husoma mwanga uliotawanyika, kwa mpangilio rahisi zaidi.

Zinazosakwa hasa ni chembe zisizozidi mikromita 2.5, zipenyazo hadi ndani kabisa ya mapafu. Taarifa za afya hazina budi kuzitaja kwa jina, maana vumbi likishatua, chembe hizo huendelea kuelea kwa saa nyingi.