Tarehe ya Kutná Hora, Mji wa Fedha

Waandishi wa tarehe ya Bohemia, nchi ya Wacheki iliyo katikati ya Ulaya, aghalabu huanza masimulizi yao Praha, wakaitaja ngome yake iliyo juu ya mto Vltava, kanisa lake kuu na makaburi ya wafalme wake. Wala hawana lawama, kwani Praha ndiyo iliyokuwa makao ya taji. Walakini mtu akitaka kujua taji hilo lilistawi kwa mali gani, askari waliolilinda walilipwa kutoka wapi, na kwa nini majirani waliliangalia kwa jicho la tamaa kizazi baada ya kizazi, hana budi kuondoka Praha na kufuata njia ya mashariki yapata kilomita 70, hata afike katika mji uliojengwa juu ya mashimo, uitwao Kutná Hora. Kwa maoni yangu, mengi katika mambo makubwa ya ufalme ule yaliamuliwa pale, na yaliamuliwa pale kwa sababu fedha ilikuwa pale.

Kabla ya mji palikuwa na watawa. Mnamo 1142 kabaila mmoja aliyeitwa Miroslav aliwapa watawa wa shirika la Cîteaux ardhi mahali paitwapo Sedlec, nao wakajenga huko monasteri ya kwanza ya shirika lao katika Bohemia, wakafyeka msitu, wakalima, wakafuga, wakasali. Kwa zaidi ya miaka mia moja hakuna jambo kubwa linalosimuliwa juu yao, isipokuwa safari ya abati Jindřich, ambaye husemwa kwamba alitumwa Yerusalemu na mfalme Přemysl Otakar II mwaka 1278, akarudi na udongo wa Golgota na kuunyunyiza katika makaburi ya monasteri, na tangu hapo watu wa karibu na wa mbali wakatamani kuzikwa Sedlec. Mwaka huo huo Otakar, ambaye alikuwa ameipanua milki yake kuelekea kusini mpaka karibu na bahari ya Adria, aliuawa vitani alipopigana na Rudolf wa Habsburg, akamwachia ufalme mtoto ambaye hajatimiza miaka saba. Mtoto huyo, Václav II, alishikwa na mlezi wake, Otto wa Brandenburg, akawekwa kizuizini katika ngome ya Bezděz, ilhali nchi ikiporwa na njaa ikiwaua watu. Na aliporudi Praha mwaka 1283 alirithi kiti cha enzi, lakini nguvu ya kiti hicho ilikuwa imekwisha kuliwa na wengine.

Katika miaka michache iliyofuata, mishipa minono ya fedha ilivumbuliwa karibu na Sedlec. Hekaya yasema kwamba mtawa mmoja, Antonín, alilala usingizi msituni, na alipoamka akaona vijiti vya fedha vimechipuka ardhini kando yake, naye akavua joho lake na kulifunika mahali hapo ili asipapoteze, akakimbia kuwapasha habari wenzake. Hekaya hiyo yapendeza, tena yafahamika kwa nini monasteri iliithamini, kwa kuwa anayeonyeshwa hazina usingizini ana haki ya kudai sehemu yake. Lakini wachimbaji wa mji wa Jihlava, ambao walikuwa wakichimba fedha tangu nusu ya kwanza ya karne hiyo ya 13, hawakuhitaji ndoto ili wayatambue mawe. Habari zilienea upesi, watu wakamiminika, wengi wao Wajerumani, wakajenga vibanda vyao pale pale kwenye vinywa vya mashimo bila ya kungoja mtu wa kuwapimia njia. Na ndiyo maana mji huo, ambao baadaye ulihesabiwa wa pili baada ya Praha, una vichochoro vilivyopinda hata leo.

Václav II, ambaye wengi walimwona kijana mwoga na mcha Mungu kupita kiasi, alionyesha katika jambo la fedha akili ambayo baba yake shujaa hakuionyesha. Mwaka 1300 alimwita mwanasheria kutoka Italia, Gozzius wa Orvieto, akamwamuru kuitunga sheria ya machimbo, nayo ikatoka katika vitabu vinne kwa Kilatini, ikiwa imefuata mfano wa sheria ya Kirumi na desturi za wachimbaji wenyewe. Humo yalielezwa madaraka ya maofisa wa mfalme, namna ya kupima na kukodisha mashimo, haki za wenye hisa, zamu za kazi za saa sita, na mahakama za kuamua mashauri. Sehemu ya nane ya mawe yote yaliyopandishwa juu ilikuwa ya mfalme. Na fedha isiyopigwa chapa haikuruhusiwa kutoka nje ya nchi, bali kila aliyekuwa nayo alilazimika kuiuza kwa karakana ya mfalme, kwa bei ya mfalme. Hapo ndipo faida yake kubwa ilipokuwa, kubwa kuliko ile sehemu ya nane.

Na karakana hiyo nayo ilikuwa mpya. Zamani sarafu za Bohemia zilipigwa katika miji mbalimbali, nyepesi, hafifu, na kila mara zikibadilishwa kwa hasara ya mwenye nazo. Mfalme aliwaleta mafundi kutoka Florence, akaikusanya kazi yote mahali pamoja katika Kutná Hora, katika jengo ambalo mpaka sasa laitwa Ua wa Kiitalia, na mwezi wa Julai mwaka 1300 ikaanza kutoka humo sarafu iitwayo grosi ya Praha. Upande mmoja ulikuwa na taji na jina la mfalme, upande wa pili simba wa Bohemia mwenye mikia miwili. Uzito wake ulikuwa gramu 3.7 hivi, fedha karibu safi, na sarafu ndogo 12 zilitosha kuwa grosi moja. Watu walizihesabu kwa sitini sitini. Nje ya Bohemia pia, katika Poland, Hungaria na nchi za Wajerumani, mfanyabiashara aliyeandika mkataba wa nyumba, wa mahari au wa deni alipenda kuandika hesabu yake kwa grosi za Praha, kwani aliamini kwamba atakacholipwa kesho ni sawa na alichokopesha leo.

Chini ya taji hilo lililopigwa chapa palikuwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa. Mchimbaji aliteremka kwa ngazi au kwa kuteleza juu ya kipande cha ngozi alichojifunga nyuma, akiwa amevaa kanzu nyeupe yenye kofia, na mkononi ana taa ya mafuta ya wanyama, nyundo na tindo. Katika njia nyembamba alilala ubavu na kugonga mwamba. Wengine walikokota mawe, wengine walivuta maji yaliyojaa shimoni usiku na mchana, na juu farasi walizungusha gurudumu kubwa lililopandisha mizigo. Mawe yalipondwa, yakaoshwa, yakachomwa, yakayeyushwa pamoja na risasi, kisha risasi ikatengwa na fedha ikabaki. Na moshi wake uliwaua wayeyushaji polepole na kuikausha misitu ya jirani, kwa kuwa makaa yalihitajiwa bila kikomo. Kitabu kimoja cha nyimbo za kanisa, kilichopambwa kwa michoro mwishoni mwa karne ya 15, kina ukurasa mzima unaowaonyesha watu hao katika kanzu zao nyeupe, wakitambaa ndani ya mlima kutoka chini mpaka juu, ambako mawe yanauzwa. Sijui mji mwingine wa wakati ule uliomweka kibarua katika kitabu cha ibada kwa heshima namna hiyo.

Mali haikukosa kuleta maadui. Kwa fedha ile Václav alijipatia taji la Poland mwaka 1300, na mwaka uliofuata mwanawe akavikwa taji la Hungaria. Hayo yalimchukiza Albrecht wa Habsburg, mfalme wa Wajerumani, ambaye alidai mapato ya machimbo, na alipokataliwa akaja na jeshi mwaka 1304 akauzingira mji. Makabaila wawili, Jindřich wa Lipá na Jan wa Vartemberk, waliulinda pamoja na wachimbaji. Na husimuliwa kwamba taka za viwanda vya kuyeyushia zilitupwa katika mto ambao askari wa Albrecht walikunywa maji yake, wakaugua. Alikwenda zake bila ya kupata kitu.

Lakini yale ambayo adui hakuyaweza, mauti yaliyaweza. Václav II alifariki mwaka 1305 akiwa na miaka 33, na mwanawe Václav III akauawa kwa kisu huko Olomouc tarehe 4 Agosti 1306, na muuaji hakujulikana kwa yakini mpaka leo. Nasaba ya Přemysl, iliyotawala Bohemia kwa zaidi ya miaka mia nne, ikakatika katika ukoo wa kiume. Kiti kikagombewa, na katika vurumai hiyo matajiri wa Praha na wa Kutná Hora, ambao walikuwa wakiwakopesha wafalme bali hawakuwa na sauti katika kuwachagua, walifanya jambo ambalo mimi naliona ni la kushangaza kupita yote katika tarehe hii. Mwezi wa Februari 1309 waliwavizia makabaila wakuu, baadhi yao wakiwa wamelala katika monasteri ya Sedlec, wakawakamata na kuwafunga. Na sharti la kuwaachilia lilikuwa kwamba matajiri washirikishwe katika mambo ya ufalme, na kwamba watoto wa makabaila waoane na watoto wao. Waliokuwa na ardhi na nasaba walikubali maadamu wamo kifungoni, na walipotoka wakayavunja waliyoyakubali. Miezi haikupita mingi kabla ya Jindřich wa Lipá kuwarudia matajiri hao. Hata hivyo mwaka 1310 maabati wa Sedlec na Zbraslav walikuwa miongoni mwa wajumbe waliokwenda kuomba kijana Jan wa Luxembourg awe mfalme, naye akamwoa Eliška, binti wa Václav II, na kuleta nasaba mpya.

Jan aliipenda vita kuliko nchi, akafia Crécy mwaka 1346 akiwa kipofu. Mwanawe, Karel IV, aliitumia hazina kwa namna nyingine, akaijengea Praha chuo kikuu mwaka 1348, mji mpya na daraja la mawe, sifa zake zikienea hata leo. Kutná Hora yenyewe ilikuwa na kero iliyo ndogo katika vitabu lakini kubwa kwa wenyeji, nayo ni kwamba kanisa la mji lilikuwa chini ya monasteri ya Sedlec, na wachimbaji hawakutaka kutawaliwa kiroho na jirani tajiri. Basi mwaka 1388 walianza kwa fedha zao kujenga kanisa la Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimbaji, juu ya genge nje ya mipaka ya monasteri, likapewa ukubwa wa kanisa kuu la askofu ijapokuwa askofu hakuwapo.

Václav IV, mwana wa Karel, alipenda kukaa katika Ua wa Kiitalia, na humo ndimo alimotia muhuri tarehe 18 Januari 1409 hati iliyowapa Wacheki kura tatu katika chuo kikuu cha Praha na kuwaachia mataifa mengine matatu ya chuo hicho kura moja tu. Shabaha yake ilikuwa kupata wanachuoni wa kumwunga mkono katika mgogoro wa mapapa waliogombea kiti kimoja. Matokeo yake ni kwamba walimu na wanafunzi wa Kijerumani waliondoka kwa wingi na kuanzisha chuo kikuu cha Leipzig, na Jan Hus, mhubiri wa Kicheki aliyetaka Kanisa litengenezwe, akabaki na nguvu Praha; baadaye mtaguso wa Konstanz ukamchoma moto tarehe 6 Julai 1415.

Vita vya wafuasi wa Hus vilipozuka, wachimbaji wa Kijerumani walishikamana na mfalme Sigismund, nduguye Václav IV, na Kanisa la Roma. Mwandishi wa zama zile, Vavřinec wa Březová, ameandika kwamba wafuasi hao walikamatwa na kuuzwa, mtu wa kawaida kwa grosi 60 na padri kwa mara tano ya hizo, kisha wakatupwa katika mashimo yaliyoachwa, wengine wangali hai. Na hesabu anayoitaja ni zaidi ya watu 1,600. Yeye alikuwa upande wa waliouawa, na yafaa kulikumbuka hilo, lakini habari ya mashimo haipingwi. Mwezi wa Aprili 1421 jeshi la wafuasi wa Hus liliiteketeza Sedlec, na wenyeji wa Kutná Hora wakatoka kupiga magoti na kuomba radhi, wakasamehewa. Desemba Sigismund akarudi na majeshi ya Hungaria, na watu wa ndani wakamfungulia mji ilhali Jan Žižka, jemadari wa wafuasi wa Hus, aliyekuwa amekwisha kupofuka macho yote mawili, yuko nje na magari yake ya vita. Alizingirwa pande zote, naye usiku akayapanga magari, akapiga mizinga, akapenya kati ya adui. Haikupita mwezi akarejea. Sigismund akauacha mji huku unawaka kwa amri yake mwenyewe, na Wajerumani wengi wakaondoka naye katika baridi kali. Nyumba zao zikashikwa na Wacheki.

Machimbo yalifufuka, na sifa ya mji ikarudi. Hapo ndipo baraza la ufalme lilipomchagua Vladislav Jagiellon kuwa mfalme mwaka 1471, na hapo, mwaka 1485, Wakatoliki na wale wafuasi wa Hus waliopokea ushirika mtakatifu katika mkate na divai pia walipoapa kuishi kwa amani, hata mkulima akiruhusiwa kuifuata imani yake na si ya bwana wake, jambo lisilopatikana sehemu nyingi za Ulaya wakati ule. Waliapa kwa miaka 31. Mwaka 1512 wakafanya iwe daima. Wachimbaji hawakupata hisani kama hiyo. Walipoasi kwa sababu ya ujira na dhuluma za maofisa, viongozi wao walikatwa vichwa mwaka 1496.

Mishipa ya juu ilikuwa imekwisha, na shimo liitwalo Punda lilifika kina cha mita 500 na zaidi, mpaka gharama ya kuvuta maji ikaishinda fedha iliyopatikana. Grosi ya Praha iliacha kupigwa mwaka 1547, na karakana ikafungwa katika karne ya 18. Ujenzi wa kanisa la Mtakatifu Barbara ulisimama mwaka 1558 kwa kukosa mali, upande wa magharibi ukazibwa kwa ukuta wa muda. Na ukuta huo ulikaa miaka mia tatu na kitu, mpaka mafundi waliporudi mwaka 1884 na kulimaliza mwaka 1905, fupi kuliko lilivyokusudiwa.