Nasaba ya Katiba

Mwezi wa Mei, mwaka 2010, wananchi wa Kenya walipokuwa wakingoja kuipigia kura katiba mpya, maneno mawili yaligunduliwa katika nakala zilizochapwa ambayo hayakuwamo katika andiko lililopitishwa na Bunge tarehe 1 Aprili. Maana yake kwa Kiswahili ni "usalama wa taifa". Yalikuwa yamechomekwa katika kifungu cha 24, kile kielezacho ni kwa masharti gani haki ya mtu yaweza kuwekewa mpaka. Msomaji, pima mwenyewe uzito wake. Katika dibaji maneno hayo yangepita kama pambo. Hapo yalipowekwa yangempa mtawala njia ya kumnyima raia haki yake kwa kutaja usalama tu. Kelele zikapigwa, na uchunguzi ukaamriwa.

Sitaki kukushughulisha na nani aliyeyatia. Nataka utazame jinsi yalivyotambuliwa. Yalitambuliwa kwa sababu palikuwa na andiko lililotangulia, na mtu aliyejua kuwa nakala hii yapaswa kuwa mtoto wa andiko lile. Ukurasa ule peke yake usingeonyesha kasoro yoyote. Sarufi yake ilikuwa safi kabisa.

Watu waandikao programu za kompyuta wameijua shida hii kwa muda mrefu, maana andiko lao moja hushikwa na mikono mingi. Mwaka 1972 Marc Rochkind, katika maabara za Bell huko Marekani, aliunda chombo cha kutunza kila badiliko la faili. Vingine vikafuata, na mwezi wa Aprili 2005 Linus Torvalds, mzaliwa wa Ufini, akaanzisha Git ili kutunza maandiko ya Linux. Katika Git kila badiliko hubeba jina la aliyelifanya, wakati wake, maelezo yake, na, jambo lililo kubwa kuliko yote hayo, alama ya badiliko lililolitangulia, ambalo huitwa mzazi. Alama hiyo, ambayo tangu mwanzo ilikuwa na herufi na tarakimu 40, hukokotolewa kutokana na yaliyomo pamoja na alama ya mzazi. Kwa hiyo ukigusa neno moja la zamani, alama hugeuka, na za vizazi vyote vilivyofuata hugeuka pia. Tena badiliko laweza kuwa na wazazi wawili, pale matawi mawili yanapounganishwa kuwa moja.

Wazee wetu wa hapa Kakamega wasingeona ajabu. Mzee asimamapo matangani kuutaja ukoo wa marehemu hatuhesabii miaka. Hutuambia fulani ni mwana wa fulani, na mama yake alitoka katika ukoo gani. Tarehe hutuambia nani alitangulia. Haitwambii nani alimzaa nani.

Basi na tuichore nasaba ya katiba yetu kwa kanuni hiyo. Tume iliyoongozwa na Profesa Yash Pal Ghai ilitoa rasimu mwaka 2002. Wajumbe waliokutana Bomas wakaijadili na kuibadili, wakapitisha yao tarehe 15 Machi 2004. Wabunge wakaikata na kuishona upya, na Agosti 2005 Mkuu wa Sheria, Amos Wako, akaitangaza. Wananchi wakaikataa katika kura ya tarehe 21 Novemba mwaka huo. Kisha, tarehe 17 Novemba 2009, Kamati ya Wataalamu iliyoongozwa na Nzamba Kitonga ikatoa rasimu nyingine.

Wanafunzi wangu wa ualimu, nikiwapa orodha hii, huchora mstari mmoja ulionyooka, nao hukosea. Sheria ya mwaka 2008 iliwataka wataalamu wale wazitazame rasimu zilizokuwapo, ya Bomas na ya Wako pia, na kuzipatanisha. Rasimu ya 2009 basi ina wazazi zaidi ya mmoja. Asomaye kwa tarehe tu atadhani Bomas ilikufa bila mtoto mwaka 2005.

Fuata sasa uzi mmoja ndani ya nasaba hiyo, uzi unaotuhusu sisi wa Kakamega: serikali ya jimbo. Katiba ya uhuru ya 1963 ilikuwa na majimbo yenye mabaraza yao, na Jimbo la Magharibi makao yake yakawa mjini petu. Marekebisho ya 1964 na yaliyofuata yakayanyang'anya majimbo mamlaka, yakabaki mikoa ya utawala. Rasimu ya Bomas ikairudisha ngazi hiyo, kati ya taifa na wilaya. Ya Wako ikaifuta. Ya Novemba 2009 ikaileta tena, juu ya kaunti. Unaona hapo damu ya mzazi gani? Januari 2010 kamati teule ya Bunge ikakutana Naivasha, ambako cheo cha waziri mkuu mwenye mamlaka kiliondolewa. Na katika andiko lililofika Bungeni, ngazi ya jimbo haimo tena. Mwanafunzi mwenye bidii na azitandaze rasimu hizo mezani, moja kando ya nyingine, alitafute mwenyewe badiliko hilo na sababu zilizotolewa.

Andiko hilo, bila yale maneno mawili, lilikubaliwa katika kura ya tarehe 4 Agosti 2010 na kutangazwa rasmi tarehe 27 Agosti. Serikali za kaunti zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013, na Kakamega, iliyokuwa makao ya jimbo na baadaye ya mkoa, ikawa makao ya kaunti, ya 37 katika orodha ya kaunti 47.