Umbo la Panga la Mtambo wa Upepo

Wasagaji wa nafaka wa Uholanzi na Uingereza walijua, muda mrefu kabla ya hesabu yoyote, kwamba tanga la kinu lazima lipindwe kidogo kidogo kutoka shinani hadi nchani. Ncha hukimbia kuliko shina, hivyo upepo huikuta kwa pembe nyingine. Mwaka 1759 mhandisi Mwingereza John Smeaton aliupima ujuzi huo kwa matanga madogo ya mfano. Poul la Cour, mwalimu wa Askov, Denmark, aliyejenga kinu chake cha majaribio mwaka 1891, alionyesha kuwa mapanga machache yaendayo kasi huzalisha umeme vizuri kuliko mengi ya polepole.

Kikomo kiliwekwa na Mjerumani Albert Betz mnamo 1920: hakuna panga liwezalo kuvuna zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu ya upepo unaolipitia. Baadaye Mwingereza Hermann Glauert alipanga hesabu ya kuligawa panga vipande, kila kimoja na upana na pembe yake, na kurudia mpaka majibu yatulie. Ni kazi ya kuchosha kwa mkono, lakini kompyuta huimaliza mara moja, na hadi leo ndiyo msingi wa usanifu wa kila siku.

Upungufu ulibaki kwenye umbo la mkato wa panga, ambalo kwa miongo mingi liliazimwa kutoka kwa ndege. Gharama ya mkopo huo ilionekana California miaka ya 1980. Wadudu na vumbi viligandama kwenye ukingo wa mbele wa mapanga, hewa ikabanduka mapema kutoka kwenye uso wa panga, umeme ukapungua. Ndege haiishi mwaka mzima ndani ya vumbi la bonde moja. Kuanzia 1984, Wamarekani James Tangler na Dan Somers walibuni mikato mahsusi ya mitambo ya upepo kwa programu ya Mjerumani Richard Eppler, ambayo huanza na mgawanyo wa shinikizo unaotakiwa, kisha hutoa umbo linaloufaa. Mwaka 1986 Mark Drela wa chuo cha MIT aliandika XFOIL, programu nyepesi inayotumika mpaka sasa. Watafiti wa Delft, Uholanzi, walishughulikia mikato minene ya karibu na shina, ambako panga huhitaji uimara zaidi.

Mtihani mkubwa ulifika mwaka 2000. Mtambo wa mapanga mawili, wenye kipenyo cha mita 10, uliwekwa ndani ya handaki la upepo la kituo cha NASA Ames, Marekani, na wataalamu wa nchi mbalimbali wakaombwa kukadiria matokeo kabla ya kuonyeshwa vipimo. Hata katika hali nyepesi kabisa, upepo ukiwa tulivu na hewa haijabanduka, makadirio ya nguvu yalitawanyika kuanzia asilimia 25 hadi 175 ya kilichopimwa. Fani iliyodhani imekomaa ilijiona upya. Kati ya kazi zilizokaribia vipimo ni ile ya kituo cha Risø, Denmark, iliyotatua milinganyo ya mwendo wa hewa, ya Navier-Stokes, kuzunguka panga zima badala ya kipande kimoja kimoja.

Hesabu inapoaminika, inawezekana kuiachia kompyuta itafute umbo bora yenyewe. Njia moja huiga urithi wa viumbe: maumbo hupandishwa, hafifu huachwa. Nyingine, iliyokuzwa na Antony Jameson kwa mabawa ya ndege kuanzia 1988, hueleza athari ya mamia ya mabadiliko ya umbo kwa gharama ya takriban hesabu moja ya ziada. Risø walibadilisha pia swali lenyewe: badala ya umeme mwingi kuliko wote, watafute umeme wa bei nafuu kuliko wote. Jibu likawa tofauti, kwa sababu panga linalovuna kila tone la upepo huwa zito, na uzito wake hulipiwa na mnara na msingi.

Mapanga nayo yamezidi kurefuka. Mitambo 365 ya kampuni ya Vestas iliyopo Marsabit, Kenya, ina kipenyo cha mita 52. Baharini sasa panga moja peke yake hupita mita 100, nalo hupinda sana kwenye upepo mkali. Kwa hiyo umbo na kupinda huhesabiwa pamoja, na nyuzi za ndani hulazwa kwa mshazari ili panga likipinda lijizungushe kidogo na kuupunguza mzigo.