Msomaji Ageukapo Mtungaji

Watu wengi hudhani kwamba msomaji kugeuka mtungaji ni jambo lililozaliwa pamoja na simu ya mkononi. Historia ya nchi iliyo chini ya Mlima Kenya yatufunza vingine.

Mnamo mwaka wa 1928 chama cha Kikuyu Central Association kilianza kutoa gazeti la kila mwezi lililoitwa Muigwithania, na mhariri wake alikuwa Jomo Kenyatta. Barua za wasomaji zilipata nafasi kubwa katika kurasa zake, hata aliyekuwa msomaji mwezi huu aliweza kusomwa na wenzake mwezi ujao. Nao wasiojua kusoma walisomewa. Serikali ya kikoloni ilikipiga chama hicho marufuku mwaka wa 1940, na gazeti likanyamaza.

Gakaara wa Wanjau, mzaliwa wa Nyeri, alikwenda mbele zaidi. Yeye alitunga vitabu kwa lugha ya Kikuyu, akavichapisha na kuviuza mwenyewe. Kwa ajili ya kalamu yake alikamatwa mwaka wa 1952, akawekwa kizuizini miaka mingi. Humo aliandika kwa siri habari za maisha ya wafungwa. Maandiko hayo yalitolewa kuwa kitabu mwaka wa 1983, na mwaka uliofuata yakapata tuzo ya Noma. Kiwanda chake cha uchapaji kilikuwa Karatina.

Mwaka wa 2013 mradi wa Mawingu ulianza kupeleka intaneti katika vijiji vya kandokando ya Nanyuki, kwa nguvu za jua na kwa masafa ya televisheni yasiyotumiwa na kituo chochote. Tangu hapo mkulima au mwanafunzi wa huko aliweza kutoa habari zake kwa dunia nzima. Hata michezo imefuata njia hiyo. Katika mchezo wa Minecraft mchezaji hupewa vipande vya kujengea, naye huumba ulimwengu autakao. Shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, lenye makao yake makuu Nairobi, liliutumia mchezo huo katika mtaa wa Kibera kupanga upya uwanja wa Silanga.

Walakini iko tofauti kubwa. Gakaara alikuwa mwenye kalamu na mwenye mtambo pia. Kijana wa leo aonyeshaye picha zake ana kalamu tu. Mtambo ni wa kampuni ya mbali, ambayo huuza matangazo kandokando ya kazi yake, huweka masharti, na yaweza kuifuta kazi hiyo ipendavyo. Tena, barua ya mwaka wa 1928 ilipita kwanza mbele ya macho ya mhariri. Maneno ya leo huenea kabla ya mtu yeyote kuyapima.

Basi mwanafunzi atakaye kutunga hana budi kuwa mhariri wa nafsi yake, na kuyasoma masharti ya mwenye mtambo kabla ya kumkabidhi kazi yake. Wazee waliotangulia walilipa kwa vifungo ili wapate kusema. Haifai sisi kuitoa sauti hiyo bure bila kujua ni nani aipokeaye.