Kiraka kwenye mwili wa ndege: riveti zinasema nini?

Wakaaji wa Ngezi na mitaa mingine ya Bunia wanajua vizuri mlio wa ndege zinazoshuka Murongo. Barabara zikifungwa juu ya utovu wa usalama, ndege njo inabaki njia ya kufika Kisangani ao Kinshasa. Mgonjwa, mwanafunzi, mchuuzi, wote wanapanda.

Ndege nyingi za huku zimeshatumika miaka mingi. Umri peke yake si ubaya. Lakini ndege ya zamani imeshagongwa na kutengenezwa, na mwili wake una viraka. Hapo njo fundi anapashwa kutazama zaidi.

Riveti ni nini?

Tazama sufuria ya alumini nyumbani. Mkono wake umeshikwa na vipande vifupi vya chuma vyenye kichwa pande zote mbili: hizo ni riveti. Sufuria ikitumika sana, mkono unaanza kucheza, na duara jeusi linatokea kando ya kichwa. Mwili wa ndege umefungwa namna hiyo hiyo, kwa maelfu ya riveti zinazoshika mabati membamba.

Juu ya nini kiraka kiogopwe?

Nguvu inayovuta bati inaingia kwenye kiraka kupitia safu ya riveti za pembeni. Ufa unapenda kuanzia hapo, ukitoka tundu moja kwenda lingine. Tena kiraka kinafunika: ufa unaweza kukua chini yake bila mtu kuuona.

Mwaka 1978 Boeing 747 ya Japan Airlines iligonga mkia ikitua Osaka. Katika kutengeneza ukuta wa nyuma unaozuia hewa ya ndani, bati la kuunganisha lilikatwa vipande viwili, na safu moja ya riveti ikabeba kazi ya safu mbili. Tarehe 12 Agosti 1985 ukuta ulipasuka angani. Watu 520 walikufa, 4 wakapona.

Boeing 747 ya China Airlines nayo iligonga mkia Hong Kong mwaka 1980. Kiraka kilichowekwa hakikufunika mikwaruzo yote. Miaka 22 ikapita, na tarehe 25 Mei 2002 ndege ilivunjika angani karibu na Taiwan. Watu 225 walikufa. Picha zilizopigwa miezi michache mbele ya ajali zilionyesha madoa ya kahawia pembeni ya kiraka. Alama ilikuwapo, haikusomwa.

Ndege ndogo kama Cessna Caravan na LET 410 hazijazwi hewa ndani kama Boeing. Lakini mtikisiko, kutua kwa nguvu na mawe ya viwanja vya udongo vinalegeza riveti zao vilevile.

Fundi anatafuta nini?

- Mstari mweusi ao wa kijivu nyuma ya kichwa cha riveti. Ni unga wa alumini inayosuguana. Mafundi wanasema riveti "inatoa moshi". Anatazama mbele ya kuosha ndege, maana maji yanafuta alama.
- Rangi iliyopasuka duara, ao kichwa kilichoinama ao kukosekana.
- Unga mweupe na uvimbe wa bati: kutu ya alumini.
- Riveti nyingi zilizolegea katika safu moja. Kuzibadilisha tu haitoshi, atafute sababu.

Jicho lisipofika, kuna chombo cha umeme kinachogundua ufa ndani ya bati. Kupaka rangi mpya juu ya alama si kutengeneza.

Kila kiraka kinapashwa pia kuwa na karatasi: nani alikifanya, kwa mchoro gani, kitachunguzwa tena lini. Bila karatasi, fundi hajui kilicho chini. Kwetu, anayesimamia hayo ni Autorité de l'Aviation Civile. Tangu 2006 makampuni ya Kongo yako katika orodha ya yale yanayokatazwa kuruka Ulaya, juu ya udhaifu wa usimamizi huo.

Na sisi wasafiri?

Msafiri hawezi kupima riveti. Lakini ukiona bati limefunguka ao kichwa cha riveti hakipo, mwambie mfanyakazi wa ndege mbele ya kupanda, si aibu. Na ndege ikichelewa kwa sababu fundi hajamaliza, tusimpigie kelele. Mara nyingi ni haraka yetu sisi inayomsukuma kufunga kazi asiyoimaliza.